Jeep ya Masisi: Historia ya Jina la Gari katika Kivu ya Kaskazini

Anayesikiliza masimulizi ya watu wa Masisi na Walikale, yawe ya vita, ya biashara ya madini au ya misafara ya misaada, hukutana mara kwa mara na neno jeep. Msimulizi akisema kwamba jeep mbili zilipita alfajiri, msikilizaji aliyetoka mbali hupiga picha ya gari la Kimarekani, na kama ni mtafiti huenda akaliandika hivyo katika daftari lake. Mara nyingi atakuwa amekosea. Katika Kiswahili cha Kivu, kama ilivyo katika Kifaransa cha Kongo, jeep ni karibu kila gari dogo lililoinuka kutoka ardhini na linaloendeshwa na magurudumu yote manne, hata kama limetengenezwa Japani na hata kama halina msumari mmoja uliotoka Marekani. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jina hilo lilivyofika katika hali hiyo, na kwa nini jambo hilo linamhusu mwanafunzi wa historia kuliko linavyomhusu fundi wa gereji. Katika kurasa hizi Jeep kwa herufi kubwa ni alama ya biashara. Jeep kwa herufi ndogo ni nomino ya watu wa Kivu. (Kuliandika kwa tahajia yetu kungemkwaza msomaji wa pwani, kwa kuwa kwake jipu ni uvimbe wenye usaha.)

Wilaya hizi mbili zinapakana lakini hazifanani. Masisi ni nchi ya vilima, malisho na mashamba, iliyo karibu na Goma, na njia yake kuu hupitia Sake. Walikale ni msitu. Ni wilaya kubwa kuliko zote za mkoa, na peke yake inachukua zaidi ya theluthi moja ya eneo la Kivu ya Kaskazini. Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga na lugha nyinginezo husemwa huko, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni na barabarani. Msamiati wa vyombo vya usafiri katika Kiswahili hicho umepitia milango zaidi ya mmoja. Neno gari, ambalo asili yake ni Bara Hindi, lilikuja na Kiswahili chenyewe kutoka mashariki. Kamyo ni camion ya Kifaransa, na ilishika mahali ambapo Mtanzania angesema lori. Chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayoteremka na mizigo ya viazi na makaa kutoka vilima vya Masisi, ni jina la wenyeji kwa chombo cha wenyeji. Jeep haikupitia mlango wowote kati ya hiyo. Iliingia na majeshi.

Historia ya jina hilo huko lilikozaliwa imejaa ubishi. Septemba 1940 kampuni ndogo iitwayo American Bantam ilikabidhi jeshi la Marekani, katika kambi ya Holabird, Maryland, gari la majaribio jepesi lenye kuendeshwa na magurudumu manne. Jeshi lilitaka magari mengi kuliko uwezo wa Bantam, kwa hiyo kazi ikapewa Willys-Overland na Ford. Hadi vita vilipokwisha mwaka 1945 kampuni hizo mbili zilikuwa zimetengeneza zaidi ya magari 600,000. Wako wanaosema kwamba jina lilitokana na herufi G na P zilizotumiwa na Ford. Maelezo hayo yanapendeza lakini yana kasoro, maana katika hesabu za Ford G ilimaanisha mali ya serikali, na P ilikuwa alama ya urefu wa inchi 80 kati ya ekseli. Wengine humtaja mnyama wa ajabu aliyeitwa Jeep katika vikatuni vya Popeye mwaka 1936. La hakika ni kwamba askari walikuwa wakilitumia neno hilo kabla kampuni yoyote haijalidai. Willys iliomba kulisajili mwaka 1943 na ikakubaliwa mwaka 1950. Hivyo mtu anayemcheka mkulima wa Masisi kwa kuita kila gari la aina hiyo jeep angefaa akumbuke kwamba huko Marekani kwenyewe lilianza kama neno la watu wote na baadaye ndipo likawa mali ya mwenye kiwanda.

Umiliki wa alama hiyo umebadilika mara nyingi: kutoka Willys kwenda Kaiser mwaka 1953, kisha American Motors mwaka 1970, Chrysler mwaka 1987, na tangu 2021 Stellantis, shirika ambalo makao yake makuu yako Uholanzi. Swali la kama Jeep bado ni gari la Kimarekani tuwaachie wanasheria. Kwa mwanahistoria, kizazi kilichozaliwa nje ya ukoo rasmi ndicho chenye maana zaidi. Mwaka 1947 wahandisi wa Rover nchini Uingereza walijenga gari lao la kwanza la majaribio juu ya chasisi ya Jeep. Mwaka uliofuata Land Rover ikatangazwa. Nchini India kampuni ya Mahindra ilianza kwa kuunganisha Jeep za Willys mwishoni mwa miaka ya 1940. Mitsubishi ilipata leseni ya kuzitengeneza Japani mwaka 1953. Toyota nayo mwaka 1951 ilijenga gari la majaribio lililopewa jina la Toyota Jeep BJ, na kwa kuwa jina lilikuwa na mwenyewe, mwaka 1954 likabadilishwa na kuwa Land Cruiser.

Hapa ndipo matumizi ya Masisi yanapopata sura mpya. Gari linaloitwa jeep mara nyingi kuliko mengine katika barabara za Sake, Kitchanga au Nyabiondo ni Land Cruiser, hasa ile ya umbo la sanduku iliyotolewa mwaka 1984 na ambayo bado inatengenezwa. Mwalimu wa lugha atasema wenyeji wamechanganya mambo. Kwa kweli wamelirudishia gari hilo jina lake la ubatizo, bila wao kujua.

Magari ya Kimarekani hayakuwa mageni katika nchi hiyo. Kabla ya vita Ford na Chevrolet zilikuwa na viwanda vya kuunganisha huko Port Elizabeth, Afrika Kusini, Ford tangu miaka ya mwanzo ya 1920 na General Motors tangu 1926. Katika Kivu ya wakoloni ilikuwako haja ya gari linaloweza kupanda. Comité National du Kivu, iliyoundwa mwaka 1928, iligawa ardhi kwa walowezi. Kuanzia 1937 serikali ya Kibelgiji ilihamishia watu kutoka Rwanda huko Gishari, Masisi. Na kampuni za madini zilifungua machimbo ya bati katika msitu wa Walikale. Barabara zilichongwa kwa jasho la wenyeji ili kahawa, pareto na madini yateremke. Watu wengi waliozichonga hawakupata kuzipita wakiwa wameketi ndani ya gari. Tofauti hiyo kati ya anayetembea, anayepanda juu ya mzigo wa kamyo, na anayeketi ndani ya gari dogo lililofungwa imebakia katika lugha. Jeep, kwa maoni yangu, hutaja daraja la abiria kabla ya kutaja umbo la mtambo.

Baada ya uhuru wa 1960 gari hilo lilirudi katika umbo lake la kwanza, la kijeshi. Umoja wa Mataifa ulileta majeshi yake. Mwaka 1963 Marekani iliweka ujumbe wa kijeshi wa kulisaidia jeshi la taifa kwa vyombo na magari. Na katika vita vya Simba vya 1964 misafara ya jeep na malori ilikuwa kitu ambacho watu wa mashariki walijifunza kukitambua wakiwa mbali, kwa kuwa kuchelewa kukitambua kuliweza kugharimu maisha. Katikati ya miaka ya 1970 General Motors ilifungua kiwanda cha kuunganisha magari mjini Kinshasa. Lakini Kinshasa iko mbali na Masisi kuliko Mombasa ilivyo mbali na Masisi, na bidhaa za Kivu kwa desturi hupitia mashariki. Huko mashariki Mjapani alikuwa amekwisha kuingia, na vipuri vyake vilipatikana.

Julai 1994 wakimbizi mamia kwa maelfu walipovuka mpaka na kuingia Goma, mashirika ya misaada yaliwafuata na Land Cruiser zao nyeupe. Kuanzia 1999 MONUC, iliyogeuka MONUSCO mwaka 2010, iliongeza nyingine zenye herufi UN ubavuni. Aina ya gari ilikuwa imebadilika, rangi imebadilika, waliomo ndani wamebadilika, jina likabaki.

Isidhaniwe kwamba lugha huenda upande mmoja tu. Fuso, jina la lori la Mitsubishi, lilishuka kutoka kwenye alama ya kiwanda na kuwa jina la aina nzima ya malori katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Katapila, kutoka jina la kampuni ya Kimarekani iliyoundwa mwaka 1925, leo ni mtambo wowote wa kusukuma udongo. Na Wabenzi wa Kenya na Tanzania hawakuwa wateja wa Mercedes tu. Walikuwa tabaka.

Walikale inastahili neno la peke yake, kwa kuwa huko ukosefu wa gari ndio uliokuwa historia. Bati la Bisie lilipoanza kuchimbwa kwa wingi mnamo 2002, hapakuwa na barabara ya kufika mlimani. Wapagazi walibeba magunia ya kilo 50 mgongoni, wakipita msituni makumi ya kilomita hadi Njingala. Kutoka hapo mzigo ulipelekwa Kilambo, ambako kipande cha lami cha barabara kuu kiligeuzwa kuwa uwanja wa kutua ndege ndogo. Barabara iliyojengwa kwa ajili ya magari ikawa ya ndege, na njia ya madini ikawa migongo ya watu. Katapila zilifika Bisie baadaye, pamoja na kampuni ya Alphamin, ambayo mgodi wake wa kisasa ulianza kutoa bati mwaka 2019. Mwaka 2024 ulitoa zaidi ya tani 17,000.

Sehemu ya maelezo haya inarudi Marekani kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 2010 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kinazitaka kampuni zilizoandikishwa katika masoko yake ya hisa, Ford na General Motors zikiwamo, kuchunguza na kutangaza kama bati, tantali, tangsteni na dhahabu zilizomo katika bidhaa zao zimetoka Kongo au kwa majirani zake. Katika Kivu inaitwa sheria ya Obama. Ripoti za kwanza zilitolewa mwaka 2014. Gari jipya la leo limejaa vifaa vya kielektroniki vinavyounganishwa kwa bati na kuendeshwa na vipande vidogo vya tantali, madini ambayo vilima vya Rubaya, Masisi, vinajulikana nayo dunia nzima. Mtaalamu wa magari hutambua toleo la mwaka huu kwa umbo la taa au la wavu wa mbele. Ripoti zilizotajwa huorodhesha viwanda vilivyoyeyusha madini, kilima hazikitaji. Kwa hiyo mtu wa Rubaya hulitaja gari kwa jina la Kimarekani ambalo si lake, na mtengenezaji wa Marekani hutumia madini ambayo kilima chake hawezi kukitaja kwa jina. Sioni sababu ya kumlaumu wa kwanza kuliko wa pili.

Linalobaki ni suala la ushahidi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010, inayoeleza matukio 617 ya uvunjaji mkubwa wa haki, inaanzia Machi 1993, mwezi wa mauaji ya soko la Ntoto, Walikale. Ilitegemea maneno ya mashahidi zaidi ya 1,280. Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Goma ilimhukumu kifungo cha maisha Ntabo Ntaberi Sheka, aliyekuwa mkuu wa kundi la wapiganaji huko Walikale, na humo pia walionusurika walitoa ushahidi. Katika kazi za namna hii, swali la nani alifika, kwa gari gani na kutoka wapi, linaweza kutofautisha jeshi na kundi, au kundi na mfanyabiashara. Anayetafsiri jeep ya shahidi kwa kuandika gari la Kimarekani amemtia shahidi neno kinywani, na wakili wa upande wa pili hatakawia kulitumia.

Wanafunzi wetu wanaokwenda nyanjani huandaliwa vizuri kuhusu majina ya koo na ya vilima, lakini vyombo hudharauliwa. Ni lazima kuuliza zaidi. Je, lilikuwa na paa la bati, la turubai, au halikuwa na paa? Tairi la akiba lilikaa wapi? Watu waliketi wakitazamana ubavuni au walitazama mbele? Usukani ulikuwa upande gani? Kongo na Rwanda huendesha kulia, Uganda na Kenya kushoto, na gari lenye usukani wa kulia huenda lilipitia Kampala au Mombasa. Msimulizi aliyezoea kuyatambua magari kwa ajili ya usalama wake huwa na majibu, mara nyingine mengi kuliko muulizaji alivyotarajia, ila hayatoi asipoulizwa, kwani kwake neno jeep limekwisha kusema lililohitajika kwa mtu anayepaswa kukimbia.

Kamusi zetu nazo, zilizojengwa zaidi juu ya Kiswahili cha Tanzania na Kenya, hazimsaidii mtafiti huyo. Maana ya Kivu ya neno hili ingestahili kuingizwa humo, pamoja na kamyo na chukudu. Machi 19, 2025, wapiganaji wa M23 waliingia mji wa Walikale, na mgodi wa Bisie, uliokuwa umekwisha kusimamisha kazi siku chache kabla, ulianza tena Aprili baada ya wapiganaji hao kuondoka mjini. Masimulizi ya majuma hayo yatakapokusanywa, neno jeep halitakosekana ndani yake, na atakayeyanakili atapaswa kuuliza ni jeep ipi.