Mazrui

Jina hili la ukoo wa Mombasa limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kupanda mbegu, ndiyo asili ya neno letu zaraa, yaani kilimo. Ukoo wenyewe ulitoka Omani, ukaitawala Mombasa hadi 1837, Seyyid Said, mtawala wa Omani, alipouondoa.

Mimi lakini huwakumbuka zaidi kwa kalamu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wa pwani wasome na wajirekebishe. Tazama jina la gazeti: mzizi wake ndio uliotuzalia suluhu na maslahi! Baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, hadi kufa kwake 1947.

Mwanawe Ali, aliyezaliwa 1933, alifundisha Makerere kisha Marekani, akaieleza Afrika kuwa na urithi wa aina tatu: wa asili, wa Kiislamu na wa Magharibi. Alifariki New York mwaka 2014. Akarudishwa Mombasa, akazikwa katika makaburi ya ukoo wake, karibu na Ngome ya Yesu.