Sinema ya Dakika Tatu

Watu wengi hudhani kwamba sinema fupi ni sinema ambayo haijakua. Historia haisemi hivyo. Tarehe 28 Desemba 1895 ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha sinema kumi mbele ya watu waliolipa kiingilio katika Grand Café, mjini Paris. Kila moja ilichukua kama dakika moja tu, kwa sababu mkanda ulioingia katika mashine yao ulikuwa na urefu wa mita 17 hivi. Katika mojawapo, wafanyakazi wanatoka kiwandani Lyon; wanapokwisha kutoka, mkanda nao umekwisha. Basi tangu mwanzo mpiga sinema alilazimika kujiuliza: mita hizi chache nizitumie kwa lipi, na lipi niliache?

Kwetu Afrika swali hilo lilitanguliwa na jingine: nani ashike kamera? Mwaka 1935 ulianzishwa huko Vugiri, katika milima ya Usambara, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha zake nyingi zilitoka katika Shirika la Carnegie la Marekani, na viongozi wake walikuwa Waingereza, L. A. Notcutt na G. C. Latham. Hadi ulipofungwa mwaka 1937 ulikuwa umetengeneza sinema 35, juu ya mambo kama benki ya posta, kodi na ugonjwa wa safura. Waigizaji walikuwa Waafrika. Sinema zenyewe zilikuwa bubu. Maelezo yalitoka katika sahani za santuri.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda kitengo cha sinema kwa ajili ya makoloni yake. Kiongozi wake, William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya Nigeria, alishikilia kwamba Mwafrika wa shamba aonyeshwe picha za polepole, zisizorukaruka kutoka mahali hadi mahali, la sivyo atapotea njiani. Upande wa Wafaransa mambo yalikuwa magumu zaidi: amri ya mwaka 1934 ilidai kibali cha serikali kwa yeyote aliyetaka kupiga sinema katika makoloni yao ya Afrika. Ndiyo maana Paulin Soumanou Vieyra, mzaliwa wa Porto-Novo aliyesomea sinema Paris, pamoja na wenzake, waliitengeneza Afrique-sur-Seine mwaka 1955 huko huko Paris. Ni sinema ya dakika 21. Walionyimwa bara zima wakachukua mitaa ya mji waliomo.

Nimeyataja hayo kwa sababu yanaeleza jambo lililotokea mwaka 1983, nilipokuwa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu. Mgeni mmoja alituachia kamera ya Super 8 na kaseti moja tu ya filamu. Kaseti hiyo ni mita 15, yaani dakika tatu na sekunde ishirini. Wanachuo wanane waliomba kuitumia. Kwa kuwa hatukuwa na kifaa cha kukata na kuunga, ilibidi kila kipande kipigwe kwa zamu yake, na kipigwe mara moja. Walikaa juma zima wakichora mpango wao ubaoni na kuhesabu sekunde kwa mdomo kabla ya kuigusa kamera.

Walichagua habari ya mama mmoja wa darasa la elimu ya watu wazima, katika kijiji jirani. Kipande cha kwanza ni dole gumba lake likibonyezwa kwenye wino, kisha kwenye karatasi ya karani wa kituo cha kununulia pamba. Halafu jembe, ndoo kichwani, benchi chini ya mwembe, chaki. Mwisho, mkono ule ule unaandika jina. Filamu ilipelekwa Ulaya kusafishwa, ikarudi baada ya miezi minne.

Ofisa mmoja wa elimu aliyeiona kwanza chuoni alisema wanakijiji hawataielewa, maana picha zinakatikakatika. Hakuwa Mwingereza, alikuwa mwenzetu, msomi. Sellers alikuwa ameondoka, lakini fikra yake ilikuwa imebaki ofisini.

Tuliionyesha kijijini usiku, juu ya shuka, kwa jenereta ya kuazima. Watu walidai irudiwe mara tatu. Kisha yule mama mwenyewe akasimama. Alisema, "Wanangu, mmefanya vizuri. Ila jina langu nalijua tangu nizaliwe. Mimi nimejifunza ili nisome mizani." Watu wakacheka, kisha wakanyamaza, maana kila mmoja alikuwa na pamba yake iliyopimwa na mtu mwingine.

Hapo ndipo nilipoona kwamba swali la wakubwa wale lilikuwa limepinduliwa. Wao waliuliza kama mwanakijiji anaweza kuisoma picha. Huyu alikuwa ameisoma yote, na amesoma pia kipande ambacho hakikupigwa. Kwa wanachuo, mwisho wa kisomo ulikuwa sahihi. Kwake ulikuwa haki.

Filamu nyingine hatukuwa nayo. Wanachuo wakaamua kwamba kila sinema hiyo itakapoonyeshwa, mmoja wao atasimama kando ya projekta na kuyasoma maneno ya yule mama, kwa ruhusa yake. Hivyo sinema yetu, kama zile za Vugiri, ilikuwa bubu yenye sauti ya pembeni. Tofauti ni kwamba sauti hii ilitoka kwa aliyepigwa picha.

Siku hizi kijana hupiga saa nzima kwa simu kabla ya chai ya saa nne. Simlaumu, ningekuwa na umri wake ningefanya vivyo hivyo. Lakini wingi wa mkanda haujaondoa kazi ya kuchagua, umeificha tu. Kila picha ina mtu aliyeamua ianzie wapi na iishie wapi. Mwalimu anayekwenda darasani na picha, iwe ya dakika tatu au ya saa tatu, awaulize wanafunzi wameona nini. Kisha, kabla ya kuizima mashine, amtafute aliyemo ndani ya picha amuulize kilichobaki nje.