Majambazi wa Gaumont

Biashara ya filamu za uhalifu zinazotolewa sehemu kwa sehemu ilishika mizizi Ufaransa mwaka 1908, Victorin Jasset wa kampuni ya Éclair alipotoa visa vya mpelelezi Nick Carter. Mwaka 1911 Jasset huyohuyo akambwaga mpelelezi akamtukuza jambazi: Zigomar, mkuu wa genge. Umaarufu wake ulifika hadi Japani, na Oktoba 1912 polisi wa Tokyo wakazipiga marufuku filamu hizo. Jasset akafariki 1913, uwanja akaachiwa Louis Feuillade.

Feuillade, mtoto wa wauza mvinyo wa Lunel, ndiye aliyesimamia utengenezaji wa filamu katika kampuni ya Gaumont tangu 1907. Kati ya 1913 na 1914 alitoa filamu tano za Fantômas, muuaji wa sura elfu. Hadithi zilitoka kwa Pierre Souvestre na Marcel Allain, waliochapisha vitabu 32 kwa muda usiofika miaka mitatu, kila mwezi kimoja. Usitafute ufundi wa lugha humo.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, waigizaji waliitwa jeshini. Kampuni hasimu ya Pathé nayo ilikuwa inaleta filamu za Pearl White kutoka Marekani, hadithi yake ikichapishwa gazetini sambamba na maonyesho. Gaumont ikakurupuka. Novemba 1915 zikatoka sehemu mbili za kwanza za Les Vampires, hadithi ya genge la majambazi, na hadi katikati ya 1916 zilikuwa zimetimia kumi, karibu saa saba kwa jumla. Mambo mengi Feuillade aliyabuni papo hapo, na inaonekana: wakuu wa genge wanakufa na kupokezana kama madiwani.

Lakini tazama sehemu ya tano. Baroni wa uongo anaalika matajiri wa Paris, anawaahidi jambo la ajabu saa sita usiku. Saa inafika, milango inafungwa, gesi inaingia ukumbini. Wageni wanaanguka mmoja mmoja na mavazi yao ya dansi. Majambazi waliovaa nyeusi wanapita wakiwavua vito bila haraka. Kamera haisogei, na ndiyo maana inatisha. Katika genge hilo yumo Irma Vep, anayeigizwa na Musidora, mwenye vazi jeusi la kubana kuanzia utosini hadi miguuni. Polisi wa Paris walizizuia filamu hizo kwa muda. Watazamaji walikuwa wamekwishachagua upande, na haukuwa wa polisi.

Kwa Judex (1917), sehemu 12, Feuillade alileta mlipiza kisasi mwema mwenye joho. Heshima ilirudi, ladha ikapungua. Hata humo Musidora, akiwa mhalifu, ndiye anayekumbukwa.

Feuillade alifariki 1925, wahakiki wengi wakimdharau. Waliomtetea ni washairi: André Breton na Louis Aragon waliona katika filamu hizo ukweli wa zama zao. Henri Langlois wa hifadhi ya filamu ya Cinémathèque française akazihifadhi, na Musidora mwenyewe alifanya kazi hapo uzeeni, hadi kifo chake 1957. Georges Franju akaitengeneza upya Judex mwaka 1963, mjukuu wa Feuillade akishiriki kuandika. Olivier Assayas akamrudia Irma Vep mara mbili: filamu ya 1996 na tamthilia ya 2022.

Ukitaka kuzijua, anza na hiyo sehemu ya tano; za mwanzo utazirudia baadaye.