Abdulrazak Gurnah, Mtunzi wa Watu Waliosahauliwa

Msomaji, ukifungua vitabu vya historia ya Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918 katika Afrika ya Mashariki, utakuta majina ya majemadari wa Kijerumani na wa Kiingereza. Jina la askari Mwafrika aliyewapigania, au la mpagazi aliyebeba mizigo yao mpaka akaanguka njiani, ni shida kuliona. Lakini watu hao nao walikuwa na mama zao, na wachumba wao, na madeni yao ya dukani. Mmoja wa waliotumia umri wao kuwatoa katika giza hilo ni Abdulrazak Gurnah.

Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, na lugha aliyonyonya pamoja na maziwa ni Kiswahili. Mwezi wa Januari 1964 yalitokea Mapinduzi, na watu wengi wenye asili ya Uarabuni wakapatwa na dhiki. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kijana huyu aliondoka kwao akaenda Uingereza. Hakuiona tena Unguja mpaka mwaka 1984, akawahi kumtazama baba yake muda mfupi kabla mzee hajafariki.

Alianza kuandika akiwa na miaka 21. Riwaya yake ya kwanza, Memory of Departure, ilitoka mwaka 1987, naye amekaribia miaka 40. Katika muda huo alisoma, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, akafundisha. Mvumilivu hula mbivu. Lakini ujue kwamba mvumilivu huyu hakukaa akingoja, alikuwa akilima.

Tazama sasa mavuno. Katika Paradise, ya 1994, mtoto Yusuf anatolewa na baba yake kwa tajiri Aziz. Yeye adhani anakwenda kumtembelea mjomba, kumbe amewekwa rehani kwa deni. Katika By the Sea, ya 2001, mzee Saleh Omar anafika Uingereza kuomba hifadhi, na afisa wa uwanja wa ndege anamnyang'anya kijaluba cha udi, kitu pekee chenye harufu ya kwao. Katika Afterlives, ya 2020, Hamza anajiunga na jeshi la Wajerumani kwa hiari yake, kisha anarudi pwani akichechemea; naye Afiya anamngoja kaka yake, Ilyas, aliyekwenda vitani asirudi. Mtunzi hawafanyi watu hawa mashujaa, wala hawaonei huruma ya bure. Anawaacha wafanye kazi, wapende, wadanganyane, wasameheane, kama watu wa mtaa wako.

Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, ambayo Wole Soyinka wa Nigeria aliipata mwaka 1986. Hakuweka kalamu chini: mwaka 2025 alitoa riwaya ya 11, Theft.

Lakini hapa pana swali ambalo halifai kupitwa. Vitabu hivi vyote aliviandika kwa Kiingereza. Paradise ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 2022, kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Hesabu mwenyewe: miaka 28. Hadithi ya mtoto wa pwani yetu ilikaa muda huo wote bila kumfikia bibi wa pwani asiyejua Kiingereza.

Usiharakishe kumlaumu mtunzi. Kalamu yake ilikomaa ugenini, katika lugha aliyokuwa akiisoma na kuifundisha, na mtu huandika kwa mkono alio nao. Afadhali tujiulize sisi tuliobaki nyumbani na lugha yenyewe: tumeandika nini juu ya wapagazi wetu? Wengi wa waliowajua wamekwisha kufa, na waliosikia habari zao ni wazee sasa. Wewe unayesoma ukurasa huu una kalamu, una Kiswahili, na huenda una babu ambaye bado anakumbuka. Mwendee ungali na nafasi.