Una siku mbili tu Tanga? Usiondoke bila kuona maeneo haya ya kihistoria

"Waja leo, waondoka leo." Msemo huo wa Tanga anaujua karibu kila aliyewahi kushuka stendi ya Kange. Shida ni kwamba wageni wengi wanautimiza kwelikweli. Wanakuja kwenye harusi, msiba au kikao, wanakula, wanapanda basi kurudi Dar au Arusha, basi. Wanaacha nyuma magofu, mapango na makaburi ambayo wageni wa nje hupanda ndege kuja kuyaona.

Ukiwa na siku mbili, zinatosha. Siku ya kwanza ni ya mjini na Amboni. Ya pili ni ya barabara ya Pangani.

1. Makumbusho ya Urithi

Anzia hapa. Yako kwenye jengo la zamani la boma la Wajerumani, katikati ya mji karibu na bahari. Picha za zamani zilizomo zitakusaidia kuelewa majengo utakayoyaona ukitembea mitaani. Tanga ndiko ilikoanzia reli ya kwanza ya Tanganyika: ujenzi ulianza mwaka 1893, reli ikafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911.

Ukimaliza, vuka uende Ngamiani, mitaa inayoitwa kwa namba: barabara ya tatu, ya nane na kuendelea. Kwa baiskeli au kwa miguu utaizunguka bila haraka. Mji huu ndio uliowatoa Black Star, kundi la taarab alikoimba Shakila binti Said.

2. Makaburi ya vita ya mwaka 1914

Novemba 1914, Waingereza walishusha Tanga askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa kama 1,000 tu, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Waingereza walishindwa, wakarudi melini na kuacha silaha nyingi ufukweni. Katikati ya mapigano nyuki walitibuliwa wakawauma askari, ndiyo maana wengine huyaita "vita vya nyuki". Waliokufa bado wamelala hapa mjini, maelfu ya kilomita kutoka kwao.

3. Mapango ya Amboni

Yako kilomita 8 hivi kaskazini mwa jiji, ukitokea barabara ya Mombasa. Bodaboda au bajaji itakufikisha, ila patana bei ya kwenda na kurudi kabisa.

Haya ni mapango ya mawe ya chokaa yaliyochongwa na maji kwa mamilioni ya miaka. Utasikia kwamba njia zake zinafika Mombasa au hata Kilimanjaro. Stori ni tamu, lakini wataalamu walipoyapima mwaka 1994 walikuta pango refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja. Iliyo ya kweli ni habari ya Osale Otango na Paulo Hamisi, waliojificha humo miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya kikoloni. Wengine waliwaita majambazi, wengine wakawaona watetezi wa wanyonge.

Ndani kuna sehemu ya mizimu ambako watu huja kuomba na kuacha sadaka. Usiguse wala usichukue chochote. Vaa viatu visivyoteleza na ubebe tochi, maana ya simu haitoshi.

4. Machui na Vibambani, kwao Shaaban Robert

Siku ya pili shika barabara ya Pangani. Kusini kidogo ya jiji ndiko alikozaliwa Shaaban Robert, Januari 1, 1909, na ndiko alikozikwa mwaka 1962. Ukisoma "Kusadikika" shuleni ukaisahau, huku utaikumbuka. Ni kijijini, si hotelini: piga hodi, salimia wazee, eleza ulichokuja kufanya.

5. Magofu ya Tongoni

Kama una muda wa sehemu moja tu, iwe hii. Tongoni iko kilomita 17 hivi kutoka jijini, na jina lenyewe maana yake ni kwenye mahame. Kuna msikiti wa karne nyingi uliojengwa kwa matumbawe na chokaa, na makaburi kama 40, karibu nusu yake yakiwa ya nguzo. Ni machache sana pwani yote ya Afrika Mashariki yenye makaburi ya nguzo mengi namna hiyo mahali pamoja.

Mwanzoni mwa mwaka 1499, Vasco da Gama akirudi kutoka India aliichoma meli yake ya São Rafael kwenye mafungu ya pwani hii. Mabaharia wake walikuwa wamekufa wengi kwa maradhi, waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu.

Nguzo nyingi za Tongoni zimeshaanguka. Mvua na upepo wa chumvi havingoji bajeti. Kwa hiyo usipande juu ya kaburi kupiga selfi, na lipa kiingilio ukadai risiti. Sehemu isiyotembelewa husahaulika, na iliyosahaulika haitengenezwi.

6. Pangani mjini

Malizia hapa, mtoni. Pembe za ndovu na watumwa vilipita katika bandari hii. Agosti 1888 wenyeji waliikataa kampuni ya Wajerumani iliyokuja kutawala, vita vikaenea pwani nzima. Kiongozi wao, Abushiri bin Salim, alinyongwa hapahapa Pangani Desemba 15, 1889. Miaka michache baadaye, katika shamba la Kikogwe jirani, Richard Hindorf alipanda miche 62 ya mkonge iliyonusurika safari kutoka Florida, Marekani. Mashamba makubwa ya mkonge ya Tanga yalianzia hapo.

Kabla hujaenda

- Beba kitambulisho. Kiingilio cha Mtanzania huwa chini kuliko cha mgeni.
- Chukua mwongozo wa hapohapo. Ujira wake unabaki kijijini, nawe unapata habari ambazo hazijaandikwa kwenye kibao.
- Vaa kwa heshima, hasa makaburini na misikitini.
- Ondoka asubuhi. Jua la mchana huku halina utani.