Mpira ulioshindwa sokoni ukabaki jikoni

Newala, juu ya uwanda wa Makonde, na Masasi chini yake, kisamvu hakichumwi kwenye muhogo peke yake. Uani hupandwa pia mpira, mti mwembamba wenye majani ya vidole, ya kijani kilichofifia kuelekea buluu. Mti huu uliletwa nchini kwa biashara iliyokufa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Kabla yake, mpira wa kusini ulitoka kwenye mibungo inayotambaa porini, ukateremshwa hadi bandari za Lindi na Mikindani. Wajerumani walipotaka mashamba badala ya pori, walichagua mti huu wa uani, wenye asili ya Ceará, kaskazini-mashariki mwa Brazil, unaostahimili ukame. Waliupanda Tanga, Morogoro hadi Lindi. Wavunaji walipaka gome asidi au maji ya ndimu, wakalitoboatoboa kwa kisu, utomvu ukagandia hapo hapo kwenye shina, wakauviringisha kuwa madonge. Mwaka 1910 bei ilipaa. Mwaka 1913 mpira wa Malaya na Ceylon, wa mti mwingine wenye utomvu mwingi zaidi, ulifurika sokoni na bei ikaporomoka. Mashamba mengi yakatelekezwa.

Nyumbani hesabu ilikuwa nyingine. Muhogo ukichumwa majani mno, mizizi hudumaa, na mwisho wake ni kung'olewa. Mpira hausubiriwi mizizi, basi huchumwa miaka nenda rudi. Kuuotesha si kazi: hukatwa pingili ya tawi lililokomaa, utomvu ukaachwa ukauke, ikachomekwa mvua zinapoanza. Mbegu zina ganda gumu, huchelewa kuota. Ukiachiwa hurefuka mkono usifike, na matawi huvunjwa na upepo, ndiyo maana hukatwa kilele uchipue chini. Majani yana sumu ya sianidi kama ya muhogo, kwa hiyo hutwangwa na kuchemshwa sana kabla ya kuungwa kwa nazi au karanga.

Kazi kubwa zaidi ya mpira ilifanyika Amani, milima ya Usambara. Ugonjwa wa batobato ulikuwa ukidhoofisha muhogo, na katika miaka ya 1930 watafiti H. H. Storey na R. F. W. Nichols walianza kuuchanganya na mpira ili kuupa ustahimilivu. Ili mizizi ifae kuliwa, machotara hao walichanganywa na muhogo tena na tena. Mbegu za uzao 5318/34 zilifika Nigeria katika miaka ya 1950, na ukoo wake ukatoa TMS 30572, aina iliyoenea nchi nyingi za Afrika. Uzao mwingine, 46106/27, unalimwa kusini mwa Tanzania kwa jina la Namikonga, na unastahimili michirizi ya kahawia, ugonjwa unaoozesha mizizi ardhini.

Hivyo mkulima wa Mtwara mwenye Namikonga shambani na mpira uani anaula mti ule ule mara mbili, kwenye mboga na kwenye ugali.