Mkono wa mwingine, mkono wako mwenyewe

Asiatique ni mtaa wa Bujumbura uliozaliwa na ubaguzi. Mji ulipokuwa bado unaitwa Usumbura, Wabelgiji waliwapanga watu kwa rangi: Wazungu kwao, wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu Asiatique, Waafrika Buyenzi na Belge, ambayo leo ni Bwiza. Rais Melchior Ndadaye alipouawa, tarehe 21 Oktoba 1993, mji ukapasuka tena, safari hii kwa kabila: Kamenge ikabaki ya Wahutu, Ngagara ya Watutsi. Vita ikaua watu wapatao 300,000. Miaka ile mtu wa Bujumbura aliogopa mkono wa mwenzake.

Mwaka 2018 ripoti ya dunia kuhusu furaha iliiweka Burundi ya mwisho, ya 156 kati ya nchi 156. Swali lao ni jepesi: maisha yako yakiwa ngazi ya vidato kumi, umesimama kidato cha ngapi? Burundi ilipata 2.9. Ufini, ya kwanza, 7.6.

Sasa angalia fumbo hili. Hiyo Ufini, karibu na mwaka 1990, kila mwaka watu kama 30 kwa kila 100,000 walikuwa wanajiua. Wamarekani wawili, Andrew Henry na James Short, walishaeleza mwaka 1954: anayeona shida yake imeletwa na wengine, hasira humtoka kuelekea kwao; asiye na wa kumlaumu hujigeukia mwenyewe. Ndiyo maana nchi yenye neema inaweza kuwa na mauaji machache na bado watu wengi wakajiua. Lakini hii si sheria ya kila mahali: Lesotho ni maskini, na iko juu kwa yote mawili.

Na sisi wa kambini je? Mapanga na risasi tumeviacha nyuma. Lakini mwaka 2019, katika makazi ya wakimbizi Uganda, UNHCR ilihesabu watu 97 waliojaribu kujiua, na 19 wakafa. Zaidi ya mara mbili ya mwaka uliotangulia. Aliyekufukuza yuko mbali. Kazi hakuna, kurudi kunatisha, siku zote zinafanana. Hasira inakosa pa kwenda, inabaki ndani. Usalama ni kidato kimoja tu cha ngazi.

Ufini hawakukaa kimya. Kuanzia 1986 walichunguza kila kifo cha kujiua cha mwaka mzima, wakaongea na familia, wakafundisha waganga na walimu. Miaka ilivyopita, idadi ikashuka kama nusu. Kwetu mambo haya yanafichwa. Tanzania hata kujaribu kujiua ni kosa la jinai, basi familia inasema "aliugua ghafla" na kuzika.

Ndugu wa mashirika, mnapokuja kuuliza kama posho imetosha, ulizeni na kidato. Na wewe jirani, ukimwona mwenzio ameacha kula, ameanza kugawa vitu vyake, usingoje. Kaa naye, muulize waziwazi, mpeleke kwa mshauri. Kuuliza hakumpi mtu wazo la kufa. Kunampa mtu wa kuongea naye.